Mkono Ulioachilia Pampu

Nilistaafu mwezi uliopita, na nilikuwa nimeapa kwamba nikishaivua ile ovaroli sitaki tena kusikia habari za petroli. Kiapo kilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuwa jikoni kwangu Uthiru nikimenya viazi, redio ikisema pembeni, nikamsikia bwana mmoja aliyepiga simu kwenye kipindi cha asubuhi kulalamika kwamba nchi hii imebaki nyuma kwa sababu dereva hakubaliwi kujiwekea mafuta. "Na wale watu wa pampu hufanya kazi gani hasa?" akauliza. "Si ni kushika mpira wa pampu tu?" Mtangazaji akaangua kicheko. Kiazi nilichokuwa nacho mkononi nilikikata vipande vidogo kuliko nilivyokusudia.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi mliobaki pale kituoni Hurlingham. Siku ya kuniaga mliniomba niwaachie maneno machache kuhusu kazi, nami nikasema sina. Sasa ninayo. Sitawaambia nilipandishwa cheo mwaka gani, maana hilo halijazi tangi la mtu. Nitawaambia kuhusu ile sheria iliyobandikwa ukutani, na kuhusu mtu aliyenifundisha kazi, ambaye wengi wenu hamkumkuta.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya kiwanda cha nguo nilichokuwa nikishonea kule Industrial Area kufungwa. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, watoto wawili shuleni, na sikuwa nimewahi kufungua hata kifuniko cha tangi la gari. Kituo kilikuwa palepale kilipo, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, kikiwa na pampu nne, duka la mikate na oili, na kijibanda cha kuziba pancha. Mwenye kituo alikuwa Bwana Jaswant, mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu, ambaye kila asubuhi alimsalimu kila mfanyakazi kwa jina lake. Ninalisema hilo mapema kwa sababu mbele nitakuwa na mengine ya kusema juu yake.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Opiyo. Alikuwa mtu wa Siaya, mwembamba, mwenye miaka hamsini na kitu, na alikuwa amesimama kwenye zile pampu tangu enzi za kuzizungusha kwa mkono. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa chochote. Alinisimamisha karibu na pampu ya pili akaniambia, "Leo utaangalia mikono. Usiangalie gari, usiangalie mtu. Mikono tu." Nilisimama hapo kutwa nzima katika viatu vilivyonibana, nikidhani mzee ananifanyia mzaha. Jioni akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia nimeona kwamba kila mara kabla ya kuinua mdomo wa pampu yeye hugusa kwanza bodi ya gari. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hiyo ndiyo namna ya kuondoa umeme unaojificha kwenye nguo na mikono yetu, na siku ya jua kali cheche yake moja inatosha kuwasha mvuke wa petroli.

Mambo aliyonifundisha ndiyo niliyowafundisha, na mengi mnayafanya bila kujua yalikotoka. Kifuniko cha tangi kinakaa katika mkono wako wa kushoto mpaka umalize, hakiwekwi juu ya paa la gari, maana kikiwekwa juu ya paa kitaokotwa Kawangware. Mteja anaonyeshwa sufuri kabla ya tone la kwanza. Mafuta yanaulizwa kwa sauti, petroli au dizeli, hata kama mteja ni yule yule wa miaka kumi. "Mtu habadiliki, lakini gari anabadilisha," alikuwa akisema, na hakuna siku niliyomsikia akiacha kuuliza. Tangi nalo lina sauti yake, inapanda kadiri linavyojaa, na mwenye sikio anaachia mkono kabla mafuta hayajamwagika. Mimi ilinichukua miezi minne kuisikia. Yule bwana wa redioni nadhani angehitaji zaidi.

Sasa tuje kwa sheria. Ilikuwa kwenye bati jeupe, herufi nyekundu, juu ya mlango wa duka: KWA MUJIBU WA SHERIA, DEREVA HARUHUSIWI KUJIWEKEA MAFUTA. Katika wiki yangu ya kwanza nilimwuliza Mzee Opiyo ni sheria gani. "Mimi niliikuta hapa," akajibu. Nikamwuliza meneja wetu, Bwana Mutiso, akasema ni ya kampuni ya mafuta. Mkaguzi wa kampuni alipokuja akasema ni ya watu wa bima. Kuna aliyesema ni ya baraza la jiji, na kuna aliyesema ni ya wakoloni. Mpwa wangu aliyeko Amerika ameniambia kwamba huko kuna jimbo, New Jersey, ambako jambo hilo limeandikwa katika sheria za serikali kabisa, na mtu anaweza kuonyeshwa kifungu chake. Sisi kifungu hatukuonyeshwa. Nilifanya kazi chini ya lile bati miaka yote hiyo na karatasi yake sijaiona mpaka leo.

Msinielewe vibaya, mimi sheria yenyewe niliikubali kwa moyo wote na bado ninaikubali. Nimemwona daktari msomi akitoka garini na sigara inayowaka mdomoni. Nimemwona mama akitaka kujaza petroli kwenye chupa ya maji ya plastiki huku mtoto amemwegemea mguuni. Watu hawa si wajinga, ila akili zao ziko kwingine, na kazi yetu ni kuwa pale ambapo akili zao hazipo. Hasira yangu haiko kwenye kumkataza dereva. Subirini, tutafika.

Kulikuwa na sheria ya pili ambayo haikuandikwa kwenye bati, nayo ndiyo Mzee Opiyo aliiheshimu kuliko ile ya kwanza. Siku yangu ya tatu alichukua kipande cha mpira wa zamani chenye mdomo wake, akanipa, kisha akaushika naye akasema, "Vuta." Nikavuta. Akavuta upande wake, nami nikavuta zaidi. "Sasa angalia kidole chako," akaniambia. Kidole changu kilikuwa kimekibana kile chuma cha kufungulia mafuta mpaka mwisho, na sikuwa nimekusudia. "Hiyo sasa ni petroli kwa nguo yako, kwa nguo yake, na kwa injini moto. Pampu haigombaniwi, Nekesa. Mtu akikupokonya, wewe achilia. Rudi nyuma, enda kwa swichi, zima. Na usikimbie, hapa chini kuna oili."

Swichi nyekundu ya dharura ilikuwa ukutani kando ya mlango wa duka, hatua kumi na tano kutoka pampu ya pili. Nilizihesabu mimi mwenyewe. Alisema aliwahi kufanya kazi kituo kingine ambako watu wawili waligombania mpira, na mmoja wao akaungua miguu yote miwili.

Ilikuwa katika mwaka wangu wa tatu, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mnajua Jumatatu asubuhi ilivyo pale. Mzee Opiyo alikuwa kwenye pampu ya pili, ameshainua mdomo wa petroli kumhudumia mama mmoja mwenye gari dogo jeupe. Mama alikuwa anatafuta ufunguo wa tangi ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa kati ya ile inayobeba nyumba nzima. Nyuma yake likasimama gari kubwa jeusi. Mwenyewe tulimjua. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni fulani, na magari yote ya kampuni yake yaliweka mafuta kwetu. Kwa miaka mingi alikuwa akija na gari la petroli. Hili jeusi alikuwa amelinunua wiki ile, na lilikuwa la dizeli. Mimi nilikuwa pampu ya kwanza, hatua tano kutoka kwao, nikikunja mpira wangu, kwa hiyo ninayowaambia sikuyasikia kwa mtu.

Yule bwana alipiga honi mara mbili. Kisha akatoka, simu sikioni, akamwendea Mzee Opiyo.

"Mzee, lete hiyo. Niko late, na huyu mama hapati key."

"Boss, ngoja kidogo tu, nakuja kwako. Wewe unaweka—"

"Kwani ni lazima nishikiwe? UK hii kitu najiwekea kila siku." Akaushika mdomo wa pampu na kuuvuta.

Mzee Opiyo akaachilia. Niliona mkono wake ukifunguka vidole vyote vitano, kama alivyonifundisha. Akarudi nyuma hatua mbili na kusema kwa sauti, "Boss, hiyo ni petroli! Hiyo ni petroli!" Yule bwana akainua kiganja kumnyamazisha, kwa sababu mtu wa kwenye simu alikuwa akisema jambo la maana zaidi. Akafungua tangi lake akachomeka. Mdomo wa dizeli ni mnene, hauingii kwenye tangi la petroli, lakini ule wa petroli unaingia kwenye tangi la dizeli bila kizuizi chochote. Mzee Opiyo akageuka akatembea kuelekea kwenye swichi. Hakukimbia. Akazima, na pampu zote nne zikanyamaza. Kwa muda huo mdogo lita kumi na nane zilikuwa zimeshaingia.

Yule bwana akatazama pampu, akapiga ulimi kwa hasira, akasema, "Hata machine zenyu ni mbovu," akautupa mpira chini, akarusha noti juu ya pampu na kuingia garini. Hapo ndipo nilipomwona Mzee Opiyo akifanya jambo ambalo sijamwona mwingine akilifanya. Alikuja akasimama mbele ya lile gari, mikono yote miwili juu, akipiga kelele, "Usiwashe! Boss, usiwashe! Tutalisukuma!" Maana gari la dizeli likiwekewa petroli na kabla halijawashwa, tangi linamwagwa na mambo yanaisha. Likiwashwa, pampu ya injini inajikwaruza yenyewe. Bwana akawasha. Akapiga honi. Akasogeza gari mpaka likamgusa mzee magoti, na mzee akatoka njiani.

Lilizimika karibu na makutano ya Valley Road.

Kabla ya saa nne Bwana Mutiso aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, Mutiso, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya angekuwa rahisi kumchukia. Alikuwa na karatasi ameshaiandika kwa mkono, na kalamu juu yake. Bwana Jaswant alikuwa ameketi kwenye kona, kilemba kimeinama, akiangalia viatu vyake.

"Nekesa, kaa. Sitaki story mingi," Mutiso akasema. "Yule boss anasema mzee alimpatia petroli. Anataka tulipe injini, ama aondoe magari yake yote hapa. Kampuni ya mafuta nayo inauliza kama sheria ilifuatwa. Sasa wewe ulikuwa hapo. Opiyo aliachilia pampu, ndio ama la?"

"Aliachilia, lakini alipokonywa. Na alimwambia—"

"Mimi sijauliza alimwambia nini. Nimeuliza aliachilia ama hakuachilia."

"Aliachilia."

"Basi ndiyo nimeandika hapo. Soma, uweke sign."

Nilisoma. Ilikuwa sentensi moja: Mimi niliyetajwa hapo juu nilimwona Bw. Opiyo akiachilia pampu na dereva akajiwekea mafuta. Hakukuwa na neno la uongo hata moja. Nimeifikiria sentensi ile kwa miaka, nikiutafuta ule uongo, na haumo. Ndani yake hakukuwa na kupokonywa, hakukuwa na "hiyo ni petroli", hakukuwa na hatua kumi na tano, hakukuwa na mikono miwili juu mbele ya gari. Niliangalia upande wa Bwana Jaswant. Akasema polepole, "Beti, sahihi yako tu," akiniita binti yake kwa lugha yao, kama alivyozoea. Nikawafikiria watoto wangu na kodi ya nyumba. Nikatia sahihi.

Mzee Opiyo alimwaga unga siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Kosa lake liliandikwa kwenye barua: kumruhusu dereva kushika pampu kinyume cha sheria. Nitalirudia ili lisije likawapita. Sheria ilimkataza dereva. Dereva akaivunja mbele ya watu, mchana kweupe, simu sikioni, tena akamsukuma mzee kwa gari. Na aliyeadhibiwa na hiyo sheria ni mtu pekee aliyefanya kila kitu sawasawa. Angeng'ang'ania pampu, pengine leo tungekuwa tunazungumzia watu walioungua. Aliachilia kwa sababu alijua kazi. Mtu asiyejua kazi ndiye angevuta.

Alikunja ovaroli yake mara nne, akaiweka juu ya kaunta ya duka, akatoka. Sote tulikuwa kazini. Kila mmoja wetu aligundua ghafla kwamba ana gari la kuhudumia, hata waliokuwa hawana. Mimi nilifuta kioo cha gari moja mara tatu mpaka mwenyewe akauliza kama kuna shida.

Wiki iliyofuata fundi wa mabango alikuja na ngazi. Maneno ya kwanza aliyaacha, chini yake akaongeza mstari: MHUDUMU ATAKAYEMRUHUSU DEREVA KUSHIKA PAMPU ATAFUTWA KAZI MARA MOJA. Kwa hiyo hata sheria yenyewe sasa ikakiri ilikuwa inamlenga nani. Yule mkurugenzi aliendelea kuja. Alikuwa akibaki garini, kioo kimefunguliwa kiasi cha kupitisha noti, na mimi nilikuwa nikimwuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maduka ya Yaya, "Petroli au dizeli, boss?" Hakunijibu hata mara moja bila kukunja uso. Hiyo ndiyo adhabu pekee aliyoipata, na niliitoa mimi, kila wiki, kwa adabu zote.

Nilipoanza kuwafundisha wageni, niliwafundisha kuachilia. Nilijua bati linasema nini. Nilijua pia kwamba ninamfundisha mtu jambo ambalo linaweza kumfukuzisha kazi, na niliwaambia hivyo hivyo, wazi. Mmoja aliniuliza, "Sasa madam, nifanye gani? Nikishika naungua, nikiachilia nafutwa." Nilimwambia kwamba kazi nyingine anaweza kupata, na miguu mingine hapati. Je, hilo ni jibu la kumpa mtu mzima anayefanya kazi halali?

Halafu ikaja ile miujiza. Haijaisha miaka miwili tangu Mzee Opiyo aondoke, kampuni ya mafuta ikatuletea mpango mpya. Walikuja vijana wenye suti na mabango ya rangi ya machungwa. Pampu ya nne ikapakwa rangi upya, na juu yake likawekwa tangazo lenye picha ya dereva anayetabasamu, mkono wake kwenye mpira: JIHUDUMIE! OKOA MUDA WAKO! Lile bati jeupe la sheria likateremshwa na kuwekwa nyuma ya duka, karibu na magunia ya mkaa. Nilimwendea Bwana Mutiso nikamwuliza, "Na sheria?"

"Sheria gani?" akasema.

"Ile iliyomfukuza Opiyo."

Akavua miwani akaifuta. "Nekesa, mambo yanabadilika. Hii ni policy mpya."

"Kwa hivyo hakukuwa na sheria?"

"Ilikuwa policy ya wakati huo."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya kijibanda cha pancha nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, msichanganye. Mtu aliondolewa kazini kwa kosa ambalo sasa lilikuwa limechapishwa kwa rangi na kupewa tabasamu. Na hakuna hata mmoja, si Mutiso, si Bwana Jaswant, si wale wa suti, aliyesema basi tumwite yule mzee. Mimi pia sikusema. Niliuliza tu, nikajibiwa, nikarudi kwenye pampu yangu.

Jihudumie ilidumu wiki tisa. Tuliokota vifuniko vya tangi kumi na saba. Bwana mmoja aliondoka na mpira ukiwa bado umechomekwa, akauburuta mpaka barabarani huku akishangaa kwa nini watu wanampungia mkono. Mama mmoja alijimwagia petroli kwenye viatu vya kuendea mahakamani, akatushtaki sisi kwa sababu hatukumsaidia, na sisi tulikuwa tumeamriwa tusiwasaidie. Watu wengi zaidi walisimama tu kwenye pampu ya nne na kupiga honi wahudumiwe. Vijana wa suti walirudi kuchukua mabango yao. Lile bati jeupe likapanguswa vumbi la mkaa na kurudishwa juu ya mlango, pamoja na ule mstari wake wa pili, ambao bado mnausoma kila asubuhi mkiingia.

Ile miaka ya elfu mbili ilikuwa inakaribia kuisha nilipomwona tena Mzee Opiyo. Nilikuwa nimekwenda Jamhuri kwenye mkutano wa harusi ya mtoto wa shangazi, na nikirudi kwa miguu kuelekea Ngong Road nikamkuta kando ya njia, kati ya safu za miche, amevaa gambuti na kofia ya sufu. Alikuwa akiwauzia watu miche ya maua na miti ya matunda. Alikuwa amekonda zaidi. Akanitambua kabla mimi sijajua nijifiche wapi.

"Nekesa! Sasa unapita tu hivyo, hausalimii wazee?"

Tukasalimiana. Akaniuliza watoto wako kidato gani, nikamwambia. Akaniuliza kama Bwana Jaswant bado yuko, nikamwambia yuko ila macho yamepungua. Akaniambia jihudumie aliiona, alipita siku moja na basi akaliona lile tangazo la machungwa, akadhani amesoma vibaya, akakaa na kusubiri labda mtu atamtafuta. "Nilikaa karibu na simu kama wiki mbili hivi," akasema, na akacheka kidogo. Nikamwambia lile nililokuwa nimelificha miaka hiyo yote.

"Mzee, ile karatasi ya Mutiso. Ni mimi niliweka sahihi."

"Najua. Alinisomea."

"Walinilazimisha, mzee."

Akaweka chini mche aliokuwa ameushika. "Hakuna mtu alikushika mkono, Nekesa," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerekebisha hesabu ya mtoto, kisha akaendelea kupanga miche yake.

Hilo ndilo nililotaka kuwaachia ninyi kuliko habari za umeme na vifuniko. Siku moja mtaitwa ofisini na mtu atawauliza ndio ama la, na jibu lenu litakuwa la kweli, na halitatosha. Semeni pia lile ambalo hamjaulizwa. Likikataliwa kuandikwa, msitie sahihi. Mimi nilikuwa na watoto na kodi, na ninyi pia mnayo, najua, na bado ninawaambia hivyo hivyo. Watoto wangu wangekula. Tungepata taabu, lakini wangekula.

Nilinunua mche wa parachichi ambao sikuwa na pa kuupanda. Alipokuwa akiufunga mizizi kwa karatasi ya nailoni aliniuliza, bila kuinua macho, "Na ile gari?"

"Gari gani, mzee?"

"Ya yule boss. Ile nyeusi. Iliwahi kupona?"

Nilikuwa najua jibu, kwa sababu nilikuwepo ilipofika tena kituoni. "Ilipona kesho yake," nikamwambia. "Walimwaga mafuta, wakasafisha tangi na zile paipu. Saa nne asubuhi ilikuwa barabarani."

"Kesho yake tu?"

"Kesho yake."

Akafunga fundo la mwisho, akanikabidhi mche. "Afadhali," akasema. "Nimekuwa nikifikiria sana hiyo injini. Ilikuwa mpya."